Mama Asiye na Namba

Maabara ile ilikuwa na lugha yake, na mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza angeweza kudhani ameingia kwenye nyumba ya vichaa. Mmoja anauliza mama ameamkaje, mwingine anajibu kwamba mama yuko sawa ila watoto wamechoka, na wa tatu anasema basi watoto watupwe sinki, wazaliwe wengine. Wanaosema hivyo ni watu wazima, wana makoti meupe na digrii zao, na hakuna hata mmoja anayecheka.

Maana yake ilikuwa rahisi tu. Mama ni ile dawa nzito ya kwanza, ambayo haijazimuliwa. Ukichota tone lake ukalitia maji, umepata mtoto. Ukimzimua mtoto, umepata mjukuu. Na kila kichupa cha mama kilikuwa na namba yake: Mama 1, Mama 2, na kuendelea. Sheria ya namba aliitunga fundi mkuu wa maabara, Bi Friji, miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya bwana mmoja kumwaga kazi ya mwaka mzima akidhani ni maji ya chumvi. Na Bi Friji akitunga sheria, ametunga. Ukiandika Mama bila namba, siku hiyo hata chai hutaimeza vizuri, atakusema mpaka mlinzi wa getini akuonee huruma.

Jina hilo alipewa kwa sababu funguo za jokofu kubwa alikuwa nazo yeye, zimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Jokofu lenyewe lilikuwa la nyuzi themanini chini ya sifuri, refu kuliko mtu, na likifunguliwa lilitoa pumzi nyeupe iliyoteremka mpaka miguuni. Bi Friji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mkali, mwenye mikono ambayo haijawahi kutetemeka juu ya pipeti, kile kifaa cha kufyonzea matone. Hakuolewa tena baada ya mume wa kwanza kwenda zake, na akiulizwa husema ana jokofu, na jokofu halichelewi kurudi nyumbani.

Kazi yao ilikuwa minyoo. Si ile ya tumboni inayotolewa kwa kidonge kimoja. Hii ni ile bapa, yenye umbo la jani, inayokaa ndani ya ini la ng'ombe, kwenye njia za nyongo, ikala, ikanenepa, ikazaa miaka na miaka, na mwenye ini asijue. Swali lao lilikuwa hilohilo: kwa nini asijue? Mwili una protini zinazokata protini nyingine, na pale maabara waliziita mikasi. Mikasi hiyo hukata kila kigeni kinachoingia, na vipande vyake hupelekwa kwa askari wa mwili kuwa ushahidi. Lakini mnyoo nao si mjinga. Hutoa protini ndogo inayokwenda kujichomeka kwenye mdomo wa mkasi, na mkasi unabaki wazi, hauwezi kufunga wala kukata. Hiyo waliiita kabari. Basi hakuna vipande, hakuna ushahidi, hakuna askari anayeitwa, na mnyoo unaendelea na maisha yake.

Kupima kabari nako kulikuwa na lugha yake. Wana sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita. Kila kishimo unatia mikasi, ile ya binadamu, iliyochujwa kutoka kwenye damu ya watu waliojitolea, halafu unatia dawa ambayo ikikatwa inageuka njano. Kishimo kikigeuka njano, mikasi imekata, na wao walisema kelele. Kikibaki maji matupu, kabari imeshika, na wao walisema kimya.

Na kwa miezi kumi na moja, Mama alikuwa kimya cha ajabu. Kabari za ng'ombe walizozoea zilikuwa legelege, unamwaga kibao ndipo upate kimya cha dakika kumi. Huyu Mama mpya, aliyepatikana chini kabisa ya jokofu kwenye boksi lililoandikwa MAMA bila namba, kosa lililomfanya Bi Friji aseme wiki nzima, mjukuu wake wa tano alinyamazisha sahani nzima. Ukimchemsha, kimya. Ukimwacha mezani siku mbili, kimya. Profesa, mkuu wa maabara, mzee mwembamba anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake, alikuwa akiitazama ile sahani anatikisa kichwa kwa furaha. Bi Friji naye alikuwa akitania kila asubuhi akiiweka kwenye mashine, akisema Mama akishaingia, nani atafungua mdomo?

Ila kulikuwa na jambo, na hakumwambia mtu.

Kila alipomtoa Mama kwenye jokofu, saa tatu asubuhi, jua limejaa dirishani na taa zote zinawaka, alisikia harufu ya dawa ya kuchua. Ile ya kopo la kijani, inayochoma puani. Mara ya kwanza alimwendea mama wa usafi akamuuliza amejipaka nini, na yule mama akaapa kwamba hajajipaka kitu. Baadaye akajikuta anakiambia kichupa "samahani" kabla hajakigusa, bila kujua neno limetoka wapi. Kisha ikaja ile hali ya mgongoni. Kando ya sinki palikuwa na kigoda ambacho hakikaliwi kwa kuwa mguu wake mmoja mfupi. Akiwa ameinama juu ya sahani, Bi Friji alikuwa na hakika kabisa kwamba kuna mtu amekaa pale, amekunja mikono mapajani, anangoja bila kulalamika. Akigeuka, kigoda kitupu. Akirudi kwenye kazi, mtu yupo. Alipaswa kuogopa, na aliogopa, lakini kilichomtesa zaidi ni kwamba anayengoja alikuwa mpole mno.

Mama yake mzazi alikuwa na kopo la kijani. Alikuwa amefariki miaka minne sasa.

Mama huyo alikuwa mtu wa kimya. Watoto wake wawili, Bi Friji na kaka yake mkubwa, walipokuwa wadogo waligombana kama paka, na mama akiingia chumbani tu, bila kusema neno, ugomvi umekwisha. Uzeeni alikuwa anaona baridi hata wakati wa joto, akatembea na sweta ya kijani mwaka mzima. Ukimuuliza hali, jibu lake lilikuwa moja: nipo tu. Ana homa, nipo tu. Amekonda mpaka bangili zinamlegea mikononi, nipo tu. Walipomfikisha hospitali macho yameshakuwa ya manjano. Daktari akasema ni mawe kwenye njia ya nyongo, akapasuliwa, na siku ya tatu akafa. Mawe, ndivyo kaka alivyoambiwa na Bi Friji siku ile mlangoni pa wodi, na ndivyo alivyowaambia waombolezaji wote.

Mambo yaliharibika siku Profesa aliposhuka ngazi na barua mkononi. Maabara moja kubwa ya ng'ambo ilikubali kuisoma kabari yao, maana protini ni mkufu wa shanga, shanga moja baada ya nyingine, mpaka waweze kuitengeneza wenyewe bila kuhitaji mnyoo. Maana kuna wagonjwa ambao mikasi yao imezidi ukali, inakata viungo vyao na mapafu yao wenyewe, na kabari ya namna hii ingewafaa kuliko kitu chochote kilichopo. Lakini walitaka mama, si watoto. Na mama alibaki kichupa kimoja. Profesa akasema itengenezwe akiba kutoka kwa ng'ombe, na Bi Friji akatengeneza. Mama 31 akatoa kelele. Mama 32, kelele. Mama 33 alipiga kelele sahani nzima, njano tupu.

Basi Profesa akamwomba atafute yule Mama wa kimya alitoka kwa ng'ombe gani, wa machinjio gani, mwezi gani. Kulikuwa na fomu ya kujaza, na mstari wake wa nne uliandikwa: MWENYEJI. Katika kazi hiyo mwenyeji ni yule ambaye mnyoo umemgeuza nyumba. Mzigo ulitakiwa kuondoka baada ya siku tisa, na usipoondoka, mwisho wa mwezi mradi unafungwa.

Bi Friji alifungua jokofu, akavaa glovu nene, akatoa boksi. Kibandiko cha juu kilikuwa cha Nadhifu, mtafiti mmoja msafi kupita kiasi aliyepanga upya jokofu zima mwaka uliopita, siku umeme ulipokatika na Bi Friji yuko likizo. Nadhifu alishakwenda zake kusoma. Bi Friji akatoa kile kichupa cha mwisho, akaona kwamba na chenyewe kina kibandiko cha Nadhifu, na chini yake kuna kingine. Akakisugua kwa kidole gumba mpaka barafu ikatoka. Kibandiko cha juu kikabanduka.

Cha chini kilikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Herufi M yake ina mguu mrefu, hakuna mwenye M kama ile. MAMA. Hakuna namba. Pembeni kuna tarehe, na tarehe ile hakuhitaji kuipigia hesabu.

Alikaa sakafuni hapohapo, jokofu wazi, pumzi ya baridi inamwagikia mapajani.

Maana siku ile ya upasuaji daktari hakutoa jiwe hata moja. Alimwita Bi Friji pembeni, kwa kuwa alijua anafanya kazi gani, akampa kikopo. Ndani mlikuwa na minyoo bapa tisa, mikubwa, hai. Bi Friji aliyeikodolea macho minyoo hiyo miaka kumi na tano, aliyeweza kuitambua gizani kwa kuigusa, ndiye aliyemwona mama yake anakonda na kugeuka manjano akamnunulia vidonge vya tumbo. Alitoka pale akiwa hajielewi. Hakwenda nyumbani, alikuja kazini. Mikono yake haikujua kitu kingine cha kufanya na minyoo, ikaiosha, ikaisaga kwenye maji ya chumvi ya baridi, ikaizungusha kwenye mashine, ikaichemsha, ikaichuja, ikagawa vichupa kumi na viwili. Kwenye kila kichupa aliandika neno moja lililokuwa kichwani mwake. Hakumaanisha dawa nzito. Alimaanisha mama.

Akaviweka chini kabisa, nyuma. Mama alipokufa hakuvitazama tena. Baada ya Nadhifu kupanga jokofu alidhani vimetupwa pamoja na takataka nyingine, akashukuru, kisha akajilaumu kwa kushukuru, kisha akajitahidi kusahau. Kumbe Nadhifu aliona neno MAMA, na kwa lugha ya maabara ile neno hilo halina maana mbili. Hakuna maabara nyingine duniani ambako kosa hilo lingetokea. Miezi kumi na moja Bi Friji alikuwa akimchota mama yake kwa pipeti, akimzimua, akimchemsha, akimtania. Vichupa kumi na kimoja vilikuwa vimekwenda sinki.

Na kwa nini hakusema toka mwanzo kwamba ni minyoo? Hapo ndipo penyewe. Ng'ombe huupata mnyoo huo kwenye majani ya majimaji, na binadamu vilevile, akila mboga mbichi zilizoota mtaroni. Kaka yake alikuwa mkaguzi wa nyama. Nyuma ya machinjio palikuwa na mtaro, na kando ya mtaro kaka alikuwa na kibustani chake cha mboga, kijani kibichi, na kila wiki alimletea mama fungu. Mama alizipenda mbichi, kwa chumvi. Kaka alikuwa anajisifia mboga zile mtaa mzima. Ukimwambia minyoo, umemwambia umemuua mama. Basi Bi Friji akamwambia mawe, na bustani akaisingizia kwamba ina sumu ya dawa za kusafishia ngozi mpaka kaka akaiacha. Neno moja tu, mawe, akalibeba miaka minne.

Sasa fomu ilikuwa mezani. Angeweza kuandika ng'ombe. Ng'ombe ni neno jepesi, na hakuna anayemuuliza ng'ombe. Lakini akiandika ng'ombe, watu watapasua maini ya ng'ombe maisha yao yote wakitafuta kabari ambayo haimo, maana mnyoo ule ulikuwa umekaa ndani ya mtu ukachonga kabari yake kwa kipimo cha mikasi ya mtu. Na akiandika binadamu, sheria inataka ridhaa ya familia kwa maandishi, sahihi ya mtoto mkubwa wa marehemu. Mtoto mkubwa ni kaka. Hapakuwa na njia ya kumkwepa.

Aliandika ng'ombe. Kwa kalamu ya wino, kwa ile M ya mguu mrefu: Mwenyeji, ng'ombe. Akaiweka kwenye droo.

Siku tatu zilizofuata hazikukalika. Harufu ya kopo la kijani haikungoja tena jokofu lifunguliwe, ilimpokea mlangoni. Alikisogeza kigoda kibovu hadi korido, na alipogeuka akahisi yule mtu sasa amesimama, kwa kuwa hana pa kukaa, mzee wa watu, amesimama kando ya sinki na miguu yake iliyovimba kwa uzee. Bi Friji akakirudisha kigoda ndani mbio, akakipangusa vumbi. Siku ya tatu asubuhi, mashine zote zimezimwa kwa usafi, alisikia nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, sauti isiyolaumu wala kuomba.

"Nipo tu."

Mikono yake ikatetemeka. Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, pipeti ikaanguka, ikavunjika ncha. Akalia kidogo, kwa kujibana, asisikike chumba cha pili. Halafu akavua koti, akalitundika, akaenda machinjioni.

Kaka yake alikuwa katika chumba cha ukaguzi, na buti nyeupe na aproni ya mpira, anapasua ini. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye mikono mizito, lakini akishika kisu utadhani analihurumia ini, anakata kwa upole mno. Mhuri wa kupigia nyama ulikuwa kando yake. Alifurahi kumwona, akamtania kwamba leo friji limetoka lenyewe kufuata nyama. Bi Friji akamwamkia, akapiga moyo konde, akasema yote akiwa amesimama. Kikopo, minyoo tisa, vichupa, neno lisilo na namba. Hakuzunguka, maana angezunguka asingefika.

Kaka aliendelea kukata wakati akisikiliza. Kisu kilifika mwisho wa ini, kikagusa meza, kikaendelea kusugua meza.

"Kwa hiyo si mawe," akasema.

"Si mawe, kaka."

Akakiweka kisu chini. Akaitazama mikono yake, akaenda kwenye bomba, akainawa, akaifuta, akarudi bombani akainawa tena.

"Nilikuwa naziosha," akasema. "Kila mara. Maji matatu. Nilikuwa naziosha jani kwa jani."

Bi Friji alijua, na kaka naye alijua kwa kazi yake, kwamba kijidudu kile hujibandika kwenye jani na maji hayakitoi.  Kaka akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akamwambia dada yake kwamba maini anayoyakataa yanapita mia kwa mwezi, anayajua kwa kuyatazama tu kutoka mlangoni. Na mama alimwona kila wiki. Alimwona macho yake. Alidhani ni uzee.

"Na mimi nilimwona," Bi Friji akasema. "Nikamnunulia vidonge."

Halafu akamwambia habari ya fomu na sahihi, na kwamba hakuja kumlazimisha. Akisema hapana, kichupa kitazikwa kaburini kwa mama, na yeye ataandika barua ya kuacha kazi. Kaka akainuka kwenye ndoo. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba mama wamemweka wapi miaka yote hiyo. Kwenye jokofu, akaambiwa. La nyuzi ngapi? Bi Friji akataja. Kaka akafumba macho.

"Na alivyokuwa anaona baridi," akasema.

Kesho yake asubuhi kaka alikuja maabara, amevaa shati la kwenda mahali pa heshima, na mfuko wa nailoni kwapani. Bi Friji alikuwa ameshaingia kwa Profesa kabla yake akasema kila kitu, fomu ya ng'ombe mkononi. Profesa alikasirika kweli, alimwuliza kama anajua kwamba angeweza kumwaga unga kwa jambo hilo na kumwagisha unga wenzake wote, na Bi Friji akasema anajua. Kisha Profesa akaitoa miwani kichwani, akaifuta muda mrefu, akampa pole ya msiba, miaka minne baada ya msiba. Akatoa fomu mpya. Akasema akija kaka mtu, yeye atatoka, wabaki wenyewe.

Bi Friji akafungua jokofu. Kaka akaomba kumshika. Alimwambia avae glovu, na asimkawize, maana wale wa ng'ambo walimtaka afike akiwa ameganda. Kaka akakipokea kichupa kwenye kiganja kikubwa cha glovu, kitu chenyewe hakifiki nusu ya kidole. Akakitazama. Akakisalimia, shikamoo mama, polepole, na akanyamaza muda ule ambao mtu hungoja kuitikiwa. Bi Friji akatazama kigoda kando ya sinki, akatazama chini.

Kisha kaka akatoa kwenye mfuko ile sweta ya kijani. Alikuwa ameihifadhi, na Bi Friji hakujua. Akauliza kama inawezekana. Sasa mtu wa maabara angecheka, maana sweta haiwezi kumpasha joto mtu ambaye kazi yake ni kuwekwa kwenye barafu. Bi Friji hakucheka. Alikifungia kichupa kwenye boksi la barafu kavu kwa sheria zote za kazi, akalifunga kwa utepe mara tatu, kisha wakaliviringisha boksi lote kwa sweta, kaka akaifunga mikono ya sweta kifuani pa boksi, na wakalitia ndani ya katoni kubwa.

Ukabaki mstari wa nne. Bi Friji akashika kalamu. Kaka akasimama nyuma yake, akamtajia polepole: binadamu, mwanamke, miaka sitini na tisa. Halafu akamtajia jina kamili la mama, lake na la baba yake, herufi moja moja, ingawa fomu haikuuliza jina na dada alikuwa akilijua. Bi Friji akaliandika lote. Kaka akatia sahihi chini yake, akaipiga kidole gumba juu kwa mazoea ya mhuri. Saa tano gari la mizigo likamchukua mama.

Ilibaki sahani ya siku hiyo, kwa kuwa kazi ni kazi. Bi Friji akatia mikasi, akatia dawa, akatia Mama 34 wa ng'ombe, kwa kuwa mwingine hakuwepo tena. Hapakuwa na harufu yoyote. Kigoda kilikuwa kigoda chenye mguu mfupi, na kaka alikikalia bila kuulizwa, kikamyumbisha. Wakaitazama sahani wote wawili. Kishimo cha kwanza kikaanza kubadilika kwenye pembe, kisha cha pili, kisha mstari, kisha sahani nzima ikawa njano.

Kaka akauliza hiyo ndiyo nini.

"Kelele," Bi Friji akasema.

Alianza kaka. Mtu mkubwa yule alilia kwa mdomo wazi, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na dada yake akamshika kichwa akalia juu yake, kwa nguvu, mpaka watu wa chumba cha pili wakasimama mlangoni na makoti yao meupe. Waligombana hapohapo katikati ya kilio, huyu anamwambia mwenziwe ungeniambia, mwenziwe anamwambia ungeona, kama walivyogombana utotoni, wakilia. Walikuwa wanautazama mlango kwa mazoea, na hakuingia mtu wa kuwanyamazisha.